Kijijini si Bure

Watu wa mjini hupenda kusema kijijini huna haja ya pesa, chakula kinajiotea. Nenda Muheza, mkoani Tanga, msimu wa machungwa. Kweli utakula mpaka uchoke, na jirani atakuletea kapu zima bila kuombwa. Lakini machungwa huiva kwa pamoja, bei ikaporomoka, na mwenye lori ndiye mpangaji wa bei. Sabuni, sukari na dawa, ambavyo havioti, hupanda mlima hadi vijiji vya Amani vikiwa vimeongezewa nauli. Masika ikiharibu barabara, bodaboda nao hupandisha, na mgonjwa hasubiri tope likauke. Hewa safi ipo, tena tele. Unachookoa hasa ni kodi ya nyumba na mboga. Hata mboga, kiangazi wengi hununua sokoni, imetoka Lushoto.