Wazo lako lizungushe kwanza, kikao baadaye

Kazi yangu ni kushauri viwanda hapa Mwanza, vya minofu ya sangara hasa, na kinachoniuma kila nikiingia kwa watu ni mawazo mazuri yanayofia kikaoni. Mtu ana pointi kabisa, anasimama anaielezea, wote wanaitikia kwa kichwa, bosi anasema sawa tutaliangalia, basi limeisha hilo.

Kikaoni wazo linapitishwa tu jamani, kulijenga ni kabla ya hapo, tena na wale watakaobeba mzigo wake.

Kuna kiwanda kimoja Ilemela, dada wa kwoliti aliona gari za samaki zinakaa getini muda mrefu barafu inayeyuka, akapendekeza ziende moja kwa moja mapokezi, makaratasi yafuate. Wazo safi, maana sangara akishapata joto ubora haurudi hata umfukie kwenye barafu kiasi gani. Menejimenti ikakubali. Geti likagoma! Watu wakasema mlinzi mbishi. Tukamfuata kibandani kwake, tukamsalimia, tukakaa, akafungua daftari akatuonyesha kila gari na kilo zake na saini yake pembeni, mzigo ukipungua anakatwa yeye. Sasa ungekuwa wewe ungefungua? Tukamuuliza, mzee wetu unataka tufanyeje, akasema nipeni kopi ya karatasi ya mizani nibandike humu. Ikawa hivyo, na baada ya hapo yeye ndo akawa anawahimiza madereva waingie chapu.

Wataalamu walishaliona hili zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Kurt Lewin, mwanasaikolojia, alifanya utafiti Marekani, serikali ilitaka akina mama wapike moyo, figo na vitu kama hivyo kwa sababu nyama ya kawaida ilikuwa adimu. Waliohutubiwa tu, 3% ndo waliojaribu nyama ambayo hawajawahi kupika. Waliokaa kwenye vikundi wakajadili vikwazo vyao wenyewe, kisha wakanyoosha mikono kuamua, 32%.

Kwahiyo ukiwa na wazo, anza na anayeweza kulikwamisha, muulize litamgharimu nini halafu nyamaza umsikilize, akikwambia rekebisha hapa, rekebisha kweli na useme mbele za watu kwamba ni yeye alikuonyesha. Kwa bosi nenda mwisho, mwambie stoo wapo tayari, getini wapo tayari, omba zamu moja tu ya kujaribu, sio kiwanda kizima.