Je, wajua kwa nini mada ya mimea hurudi tena na tena shule ya msingi?

Pekua madaftari ya sayansi ya darasa la tatu hadi la saba: mimea haikosekani. Wazazi hudhani watoto wanarudishwa nyuma. La hasha, mada hurudishwa kwa makusudi, na kila irudipo hudai kazi nzito zaidi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, aliutetea mpangilio huu mwaka 1960, nao umeenea katika mitaala mingi.

Kinachopanda ngazi ni kitenzi, yaani kile mwanafunzi anachotakiwa kutenda. Mtoto mdogo hutaja mzizi, shina na jani. Akikua, hueleza kazi ya kila sehemu. Mwishowe huthibitisha kwa jaribio kwamba jani hutengeneza wanga. Kwa hiyo ukisoma muhtasari wa somo (silabasi) wa Taasisi ya Elimu Tanzania, usiishie kwenye jina la mada. Tazama umahiri mahususi (kile mwanafunzi anachopaswa kuweza kufanya), shughuli za kujifunza na vigezo vya upimaji. Kutoka hapo mwalimu huandaa azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa kipindi kirefu, kisha andalio la somo la kipindi cha dakika 40.

Na dakika 40 ndizo huponza jaribio lenyewe. Jani huchemshwa kwenye maji kwa dakika moja hivi ili seli zake zife. Kisha huwekwa kwenye spiriti inayopashwa ndani ya chombo cha maji ya moto mpaka rangi ya kijani itoke. Spiriti haipashwi kamwe juu ya moto, maana mvuke wake hudaka moto upesi. Zima jiko kwanza, kabla ya kuifungua spiriti. Jani sasa ni kavu na hukatika ovyo, kwa hiyo huchovywa tena kwenye maji ya uvuguvugu, hutandazwa, na kudondoshewa iodini. Likigeuka bluu-nyeusi, wanga upo.

Maji yasipochemshwa kabla ya kengele, kipindi huisha jani likiwa bado kijani. Mwalimu aliyebanwa na muda huchora tu jaribio ubaoni, na hapo "thibitisha" hushuka tena kuwa "taja". Pia kuna jani la kulinganishia, ambalo wengi hulisahau: mmea wake hukaa gizani siku mbili ili utumie akiba yake ya wanga. Kipindi kikiwa Jumatano, mmea huo uingie kabatini Jumatatu asubuhi.