Je, wajua? Mchezaji wa vinyoya akitundika raketi, mkono wake hauachi kazi

Mwanasoka akitundika daluga, watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa yanayofuata: wapo wanaofundisha vijana, wapo waliorudi kwenye biashara, na Coastal Union ikicheza Mkwakwani utawakuta jukwaani. Kuhusu mpira wa vinyoya, au badminton, ambao wengi huuona kwenye runinga wakati wa Olimpiki tu, jibu la haraka vijiweni ni kwamba bingwa ameshatajirika, amekaa anakula fedha zake. Si kweli, na inafaa kuanza na hizo fedha, maana ndizo zinazopotosha zaidi.

All England ni kati ya mashindano makubwa na ya kale zaidi ya mchezo huu. Mwaka 2019 zawadi zake zote kwa jumla zilikuwa dola 1,000,000 za Marekani. Bingwa wa mchezaji mmoja mmoja alipata dola 70,000. Aliyeishia robo fainali alipata 5,500, na aliyetolewa raundi ya kwanza 1,000, kiasi ambacho tiketi ya ndege kutoka Asia na hoteli ya Birmingham huweza kukimaliza. Mwaka huohuo, mcheza tenisi aliyetolewa raundi ya kwanza ya Wimbledon aliondoka na pauni 45,000. Kwa hiyo bingwa mzima wa All England hakumzidi sana mtu wa tenisi aliyepoteza mechi yake ya kwanza. Olimpiki nayo hutoa medali. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haiwapi washindi fedha, na bonasi ikiwapo hutoka kwa serikali au chama cha nchi ya mchezaji. Wapo waliotajirika kwa mikataba ya raketi na viatu, lakini hao ni wa ngazi ya juu kabisa. Aliyekuwa wa 60 duniani hustaafu akiwa na miaka thelathini na kitu, bado ana miaka mingi ya kutafuta mshahara.

Basi huenda wapi? Susi Susanti na Alan Budikusuma wa Indonesia, wote wawili washindi wa dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona 1992, walioana na kuanzisha kampuni ya vifaa iitwayo Astec. Poul-Erik Høyer wa Denmark, dhahabu ya Atlanta 1996, aliongoza shirikisho la dunia la mchezo huu kuanzia 2013 hadi 2025. Taufik Hidayat, dhahabu ya Athens 2004, alijenga ukumbi wa mchezo Jakarta, na mwaka 2024 akateuliwa naibu waziri wa vijana na michezo. Lakini njia inayopitiwa na wengi ni ukocha, mara nyingi ugenini. Park Joo-bong wa Korea Kusini alianza kuifundisha Japani mwaka 2004, na mwaka 2016 Japani ikapata dhahabu yake ya kwanza ya vinyoya katika Olimpiki. Pullela Gopichand wa India, bingwa wa All England 2001, alifungua chuo cha mchezo Hyderabad, na P. V. Sindhu aliyeleta medali ya fedha ya Rio 2016 alipita mikononi mwake.

Ukocha unawavuta kwa sababu mwili wa mchezaji huyu hauchakai sawasawa. Kinyoya, yaani kile kijimpira chenye manyoya kinachopigwa, kikidondoshwa karibu na wavu, mchezaji hujitupa kwa hatua moja ndefu na kufunga breki kwa mguu wa upande wa raketi. Anayepiga kwa kulia hufunga breki kwa mguu wa kulia, tena na tena mazoezi yote, na mguu huo hupokea nguvu inayozidi uzito wa mwili mara mbili. Mzigo mkubwa huangukia kano inayounganisha pia ya goti na muundi. Mtu aliyeishi na kamba za mkonge ataelewa upesi: kamba huchoshwa na mishtuko midogo mingi, uzi mmoja leo, nyuzi mbili kesho, na kwa nje bado inaonekana nzima. Kano ina nafuu moja, kwamba hujiunga yenyewe. Lakini hujiunga polepole mno, kwa sababu damu inayoifikia ni kidogo. Kadiri umri unavyokwenda, mazoezi ya kesho huikuta bado haijapona ya jana. Si wote wanaoondolewa na goti: Lee Chong Wei wa Malaysia, mwenye medali tatu za fedha za Olimpiki, aliacha mwaka 2019 baada ya kuugua saratani ya pua.

Mkono je? Bega huumia pia, ila kazi ya kocha haidai smashi, yaani pigo la nguvu la kutoka juu. Inadai vidole na kifundo cha mkono, na hivyo hubaki na ujuzi wao miaka mingi.

Kazi yenyewe ni zoezi la vinyoya vingi. Kocha husimama upande wa pili wa wavu, vinyoya vikuukuu vimepangwa kimoja ndani ya kingine juu ya mkono usio na raketi. Huchomoa kimoja kimoja na kukipiga pale anapotaka mwanafunzi afike. Ugumu uko kwenye muda. Akipiga mapema mno, mwanafunzi hafiki katikati ya uwanja, hufupisha hatua na kuzoea kupiga akiwa ameyumba. Akichelewa, mwanafunzi anapumzika na zoezi limegeuka matembezi. Akipiga kwa mwendo usiobadilika, mwanafunzi hukariri mwendo badala ya kusoma kinyoya. Na kinyoya cha kwenda nyuma lazima kipande juu na kushuka wima kama cha mechini. Kikienda bapa, miguu inajifunza mchezo mwingine kabisa.

Mashine za kurusha vinyoya zipo, na hazichoki. Zinachokosa ni mkono wa kusomwa. Mwaka 1987 Bruce Abernethy na David Russell waliwaonyesha wachezaji filamu zilizokatwa katika nyakati mbalimbali, nyingine zikiwa zimefichwa sehemu ya mwili au raketi, wakawataka wakisie kitaangukia wapi. Wazoefu walipata habari kutoka kwenye mkono pamoja na raketi. Wanagenzi walitegemea raketi peke yake. Kusoma mkono hujifunzwa mbele ya mkono, na mkono wa mchezaji wa zamani unajua pia kudanganya: hushikilia raketi hadi nukta ya mwisho, kisha hubadili mwelekeo. Hicho ndicho klabu za ugenini zinachokilipia, na nadhani ndicho kipaji kinachothaminiwa kidogo kuliko vyote katika mchezo huu.

Klabu ya Tanga inayotaka kumtumia mchezaji wake wa zamani hivi itazame upepo kwanza. Kinyoya kina uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 tu, hivyo kusi ikivuma, uwanja wa wazi kule Raskazone hautafaa kwa zoezi hili, unahitajika ukumbi uliofungwa madirisha ya upande wa upepo. Vinyoya vilivyovunjika manyoya mawili au zaidi vitengwe kwa mazoezi ya karibu na wavu, maana vikipigwa mbali huyumba. Vinavyoanguka viondolewe sakafuni kila seti, kwani kukanyaga kimoja kunatosha kuteguka kifundo cha mguu. Seti tano za vinyoya 20, mapumziko ya dakika moja na nusu katikati, zinatosha kuanzia. Na awepo kijana wa kuokota, ili kocha mwenye goti bovu asiiname mara 100.