Ripoti ya watafiti si sheria ya Uingereza

Kuna ujumbe usiokufa kwenye magrupu: "Uingereza imeshapitisha!" Chini yake kimebandikwa kipande cha ripoti ya taasisi ya utafiti wa sera, kana kwamba taasisi hizo ni idara za serikali.

Sivyo. Ni asasi binafsi, nyingi zimesajiliwa kama za hisani, na kazi yao ni kupendekeza. Muswada husomwa mara tatu katika kila baraza la Bunge, la Makabwela na la Malodi, kisha mfalme huuridhia.

Ushawishi zinao, tusidanganyane. Mawazo yao huingia kwenye ilani za vyama, na baadhi ya watafiti wao huja kuwa washauri wa mawaziri. Ofisi nyingi ziko Westminster, jirani kabisa na Bunge, na majina yao yana uzito wa kiserikali. Msomaji hachelewi kuchanganya.

Tovuti ya Bunge huorodhesha kila muswada na hatua uliyofikia. Na kwenye ripoti yenyewe, tafuta neno "should", yaani "inapaswa". Kilichokwisha kuwa sheria hakiandikwi hivyo. Ukilikuta, tafadhali usiusambaze ujumbe huo, hata kama umetumwa na shangazi.