Kidonda kisichouma: tunayoyasema Bukavu kuhusu saratani ya kinywa na koo

"Wamemlisha karuho." Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, neno hili, yaani sumu ya kulishwa kwa siri, hutamkwa upesi sana, mtu akianza kukonda na chakula kumkwama kooni. Familia inachanga faranga, mgonjwa anapelekwa kutapishwa sumu, jirani asiye na hatia ananyooshewa kidole, na miezi inapita. Mimi ni muuguzi, na wengi ninaowapokea wamepitia njia hiyo kwanza. Inaniuma, kwa sababu chakula kinachokwama, kwanza ugali kisha hata uji, kinaweza kuwa dalili ya uvimbe kooni, na uvimbe hautoki kwa kutapika. Vivyo hivyo sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3, au pua inayotoa damu upande mmoja tu, mara kwa mara.

Neno la pili ndilo linalotuulia watu: "Hainiumi, basi si kitu." Mzee mmoja, fundi viatu wa Kadutu, alikuja kwa ajili ya kikohozi. Alipofungua kinywa niliusogeza ulimi wake kwa mpini wa kijiko. Ukingoni, karibu na magego, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya haragi. "Munganga, hicho achana nacho, ni jino linanikwaruza. Kina miezi mitano." Nilikigusa kwa kidole chenye glavu: kingo zake ngumu kama kifungo cha shati. Ugumu ule ndio wa kuogopa. Saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu. Maumivu huja baadaye, wakati mwingine yakijitokeza sikioni ilhali sikio lenyewe ni zima. Kidonda cha kawaida hufunga ndani ya wiki 2. Kikifika wiki ya 3, kionwe, kiume kisiume.

Uvimbe wa shingoni nao hupewa jina kabla ya kupimwa. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kimejulikana muda mrefu kwa rovu litokanalo na upungufu wa ayodini, kwa hiyo kila uvimbe tunauita rovu. Lakini rovu hukaa mbele ya koo na hupanda mtu akimeza. Tezi ngumu ya ubavuni mwa shingo ni jambo jingine: huenda ni kifua kikuu cha tezi, ambacho kinapona kwa dawa, huenda ni saratani iliyotoka kinywani. Kwa macho peke yake hakuna anayeweza kujua.

"Wembe ukiigusa saratani, inasambaa." Hapana. Kipande kinachokatwa kwa uchunguzi ni kidogo kama punje ya mchele, na bila hicho daktari anatibu gizani. Kinachosambaza saratani ni muda tunaoipa.

"Kasiksi yetu ni ndizi tupu, haina kemikali." Kasiksi ni pombe, na kilevi chenyewe ndicho kemikali: kiwe cha kiwandani au cha mtungini, mwilini hugeuka sumu inayoharibu chembe za koo. Tumbaku ya kutafuna na ugoro havina moshi, lakini sumu ya saratani imo ndani ya jani lenyewe. Anayevuta na kunywa pamoja hajumlishi hatari, anaizidisha. Akiacha sigara, kati ya miaka 5 na 10 hatari aliyojiongezea hushuka hadi nusu hivi.

Wala saratani hii si ya wavutaji na walevi peke yao. Virusi vya HPV husababisha saratani ya mafindofindo na ya shina la ulimi hata kwa asiyevuta. Na watoto wana yao: limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Taya la mtoto huvimba ndani ya siku chache tu, meno hulegea. Huyo asikae nyumbani hata wiki moja, maana uvimbe huo hukua mbio, lakini pia huyeyuka vizuri kwa dawa za saratani zikianza mapema.

Mzee wa Kadutu alikatwa sehemu ya ulimi. Baadhi ya herufi zinamteleza, viatu anashona kama zamani. Kila Jumapili mkewe anammulika kwa tochi ya simu: kingo za ulimi, chini yake, ndani ya mashavu. Kisha anapitisha vidole shingoni, taratibu, kutoka nyuma ya sikio mpaka kwenye mfupa wa bega.