Mbio za kupanda mlima kwa baiskeli ni nini?

Ni mashindano ambayo kila mwendeshaji anapanda kilima kilekile peke yake, akishindana na saa. Wanaachiwa mmoja mmoja, kwa kawaida kila baada ya dakika moja, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Hayafanani na vilima vilivyomo ndani ya mbio ndefu. Kigali, kwenye mashindano ya dunia ya Septemba 2025, wanaume walipanda Mur de Kigali, barabara ya mawe yenye mwinuko mkali, wakiwa tayari na zaidi ya kilomita 100 miguuni. Kwenye mbio hizi za kilima unaanza na miguu mizima, na kilima kikiisha mbio zimeisha.

Uingereza mchezo huu una msimu wake, Septemba na Oktoba. Klabu ya Catford ya London imeanza kuandaa mbio zake tangu 1887. Siku hizi hufanyika Yorks Hill, Kent, barabara nyembamba kati ya miti. Haifiki hata kilomita moja, lakini kuna mahali mwinuko unagonga asilimia 25, yaani kila mita 4 unazosogea unapanda mita 1. Walio bora huimaliza kwa takriban dakika 2.

Kwenye tambarare adui mkubwa ni upepo. Kwenye mwinuko mkali mwendo ni mdogo, kwa hiyo kinachokurudisha nyuma ni uzito. Ndiyo maana watu wa mchezo huu huzungumzia wati kwa kilo: nguvu unayotia kwenye pedali, ukiigawa kwa uzito wa mwili wako. Mwenye kilo 60 akitoa wati 300, mwenye kilo 80 anahitaji karibu wati 400 ili wapande sambamba.

Chukua mtu wa kilo 65 na baiskeli ya kilo 8. Kupanda mita 100 kwenda juu kwa dakika 5 kunamdai karibu wati 240 za kunyanyua uzito tu, mbali na upepo na msuguano wa matairi. Akipunguza kilo 1, nguvu ikibaki ileile, anaokoa kama sekunde 4. Kwa sekunde hizo watu hukata ncha za usukani, hubandua utepe unaozungushiwa usukani, hung'oa kishikio cha chupa na kubakiza gia moja tu ya mbele. Breki haziguswi.

Hata hivyo naona wengi wanaanzia pasipofaa. Kabla ya kutafuta rimu nyepesi, jifunze kugawa nguvu zako. Sekunde 20 au 30 za mwanzo hudanganya: misuli ina akiba inayotumika bila kungoja oksijeni, basi unajiona mwepesi na unakanyaga kwa pupa. Akiba ikiisha, deni unalilipa katikati ya kilima, na hapo kupunguza kidogo tu kunakugharimu muda mwingi. Panda kilima chenyewe mapema, ujue kinakaza wapi na kinalegea wapi. Nguvu ya ziada iwekee pale kinapokaza. Gia nayo ichague kwa kufuata mita ngumu kuliko zote, hata kama mwanzoni itaonekana laini mno.

Mazoezi yake ni kurudiarudia kupanda kwa muda unaokaribia ule wa mbio, ukipumzika vya kutosha katikati. Siku yenyewe, pasha misuli moto hadi jasho likutoke, kisha baki na koti mpaka zamu yako ikaribie. Mbio za dakika 2 hazikupi nafasi ya kupata joto njiani.

Mwanzoni mtu anakushikia baiskeli kwa nyuma, miguu yote miwili ikiwa kwenye pedali. Majani ya Oktoba yakilowa, ukisimama na kuegemea mbele mno tairi la nyuma litateleza, kwa hiyo rudisha makalio nyuma. Na juu, baada ya mstari, huwekwa watu wa kuwadaka waendeshaji, maana wengi hufika hawana hata nguvu ya kutoa mguu kwenye pedali.