Kupima atovastatini kwenye damu: kazi ngumu iko kabla ya elektrodi

Ukimeza atovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, ini huikamata nyingi kabla haijazunguka mwilini. Inayobaki ni kama asilimia 14. Kwenye plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, unatafuta nanogramu chache, au makumi machache, kwa mililita, na asilimia 98 ya hizo zimeshikwa na protini. Mkojo usikuhangaishe, kwani chini ya asilimia 2 ya dawa hutokea huko.

Kwetu Uganda kipimo hiki kina uzito. Anayetumia ARV zenye ritonavir huivunja dawa polepole, nayo hujaa hadi kutishia misuli. Anayetumia efavirenzi, ARV nyingine, huivunja haraka na hupungukiwa. Kidonge ni kilekile, damu ni tofauti.

Sensa yenyewe, yaani kihisio cha kupimia, ni nyepesi: elektrodi (kipande cha kupitishia umeme) ya kaboni iliyochapwa, yenye nanotyubu, mirija midogo mno ya kaboni, juu yake. Ikifikishwa karibu volti 1, dawa hupoteza elektroni na mkondo huchora kilele. Kwa kidonge kilichosagwa utafurahi. Kwenye damu kuna asidi ya uriki, iliyozidi dawa maelfu ya mara, nayo huanza kuungua, yaani kupoteza elektroni, mapema, na mkia wa kilele chake hufunika kila kitu. Hapo ndipo wengi hukwama, wakailaumu elektrodi bure.

Chota damu mililita 5, funika mirija kwa foili maana mwanga huharibu dawa, na uiweke kwenye barafu. Gawa plazima mirija minne, mikrolita 500 kila mmoja. Wa kwanza uache ulivyo. Mitatu iongezee dawa ya kiwango unachokijua: nanogramu 10, 20 na 40 kwa mililita, ili uone kilele hupanda kiasi gani na ukokotoe kilichokuwemo kwenye ule wa kwanza. Tia bafa (maji ya kushikilia kiwango cha asidi) ya asetati ya pH 4.5, ambayo pia huizuia dawa isigeuke laktoni, umbo lake jingine, kisha ethili asetati mililita 2. Tikisa, zungusha kwenye sentrifuji dakika 10. Uriki hubaki chini kwenye maji. Nyonya tabaka la juu tu. Ukigusa utando mweupe wa katikati umebeba protini, na kilele kitabonyea. Kausha kwa naitrojeni, yeyusha kwa mikrolita 100 za bafa.

Dondosha juu ya elektrodi, subiri dakika 3 dawa ijibandike kwenye kaboni, ndipo upime. Usirudie kwenye elektrodi ileile: mabaki ya kuungua hung'ang'ania, na kilele cha pili hutoka kifupi hata kwa tone lilelile.

Jibu lisome kama jumla. Ini likiivunja dawa hii huzalisha mazao yenye nguvu vilevile, na sensa haiyatenganishi na dawa kwa uhakika.